Obunga: Ploti Isiyouzika

Mkenya akisikia habari ya mtaa wa mabanda, mawazo yake huenda Kibera: ardhi ya Serikali, mabati, na watu wasio na karatasi yoyote mkononi. Kisumu haiko hivyo. Obunga, mtaa ulio kaskazini mwa jiji, umekaa kwa sehemu kubwa juu ya ardhi ya watu binafsi, yenye nambari, ramani na hatimiliki, tena miliki ya kudumu, si ya kukodi kwa miaka 99. Kasoro ni kwamba nyingi ya hati hizo zina jina la mtu aliyekwisha kuzikwa. Anayetaka kujua nani atabaki Obunga na nani ataondoka, sasa ambapo Kisumu inapanda bei, na aanzie kwa hao marehemu.

Reli ilifika Ziwa Victoria Desemba 1901. Kituo kikaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa reli. Husimuliwa kwamba mama huyo ndiye aliyegongomea msumari wa mwisho. Upande huu ulihesabiwa bado kuwa Uganda, na mwaka uliofuata ukahamishiwa himaya ya Afrika Mashariki. Mji ukapangwa kwa rangi ya ngozi kama ilivyokuwa desturi ya enzi hizo, sababu ikitajwa kuwa afya. Wazungu walipanda penye upepo, pale panapoitwa Milimani mpaka leo, na Wahindi wakakaa katikati na maduka yao. Mwafrika alihitajika gatini, stesheni na jikoni, lakini kulala kwake kulikuwa taabu. Nyumba za vibarua hazikutosha hata mara moja, na asiyezipata alivuka mpaka wa mji akaomba pa kujenga kwenye ardhi ya koo za Kijaluo zilizouzunguka: Kajulu, Kolwa, Kogony, Kanyakwar. Obunga ilikulia kwenye ukingo huo, nje ya ramani lakini karibu vya kutosha kusikia honi ya gari moshi.

Mwaka 1972 ramani ikawafuata. Mipaka ya manispaa ilisukumwa kutoka kilomita za mraba 19 hivi hadi zaidi ya 400, na mkulima wa mtama akaamka akiwa mtu wa mjini pasipo kuhama hatua moja. Mashamba ya viunga hivi nayo yalikuwa yakipimwa na kuandikishwa, kila kipande jina moja, na jina hilo kwa kawaida lilikuwa la mwanamume mkubwa wa boma. Wake zake hawakuandikwa, wala ndugu zake waliolima upande wa pili wa ua. Sheria iliona mmiliki mmoja mahali ambapo ukoo uliona watu ishirini. Katika muongo huohuo Serikali ilitwaa ardhi kubwa ya Kanyakwar kwa ajili ya kupanua mji, na wazao wa waliohamishwa wangali wanadai kwamba fidia haikukamilika na kwamba kilichotwaliwa kwa manufaa ya umma kiliishia mikononi mwa wakubwa. Naona kisa hicho kiliwafunza majirani jambo moja: shamba tupu hualika mchukuaji. Afadhali ujenge.

Wakajenga. Vyumba vya udongo na bati, mstari mmoja vyumba sita au kumi, choo kimoja cha shimo nyuma, na nyumba ya mzee mwenye ardhi palepale kati ya wapangaji wake. Hapa pia Obunga haifanani na Nairobi, ambako mwenye mabanda huwa mtu wa mbali anayetuma kijana kukusanya kodi. Mwenye nyumba wa Obunga unaweza kumkuta kisimani. Si kwamba hilo linamfanya awe mpole siku ya kodi.

Kilichowajaza wapangaji kilikuwa samaki. Mbuta alitiwa ziwani na Waingereza miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amekula jamii nyingi za samaki wadogo na kuzaa biashara kubwa ya kuuza minofu Ulaya. Viwanda vya Kisumu vilichukua nyama vikaacha kichwa, mfupa na mkia. Mabaki hayo, mgongo wazi, ndiyo yaliyoipa Obunga jina. Wanawake waliyanunua kwa uzani kwenye malango ya viwanda, wakayabeba kwa mkokoteni, wakayaparua, wakayaanika juu ya vichanja na kuyakaanga kwenye makarai makubwa hadi mfupa ukalainika. Kisha gunia likapelekwa soko la Kibuye, na kutoka Kibuye kwenda masoko ya bara ambako kilo ya mnofu ni ndoto. Harufu yake haikuwa ya kubembeleza mtu, na ilifanya kazi moja isiyopangwa: kwa miaka mingi iliwaweka mbali wanunuzi wa ardhi wenye pua laini.

Biashara hiyo haikudumu katika ukubwa wake. Kati ya 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili mara kadhaa, na zuio lilipoondolewa samaki wenyewe wakaanza kupungua. Kenya ina asilimia 6 tu ya eneo la Ziwa Victoria. Viwanda vyake vilikuwa vikubwa kuliko maji yake. Vingine vikafunga. Mama aliyelea watoto kwa mgongo wazi akabaki na karai, na mwenye nyumba akabaki na wapangaji wanaochelewesha kodi. Hapo ndipo wazo la kuuza huanza kuzungumzwa, kwanza na vijana.

Sasa jaribu kuuza. Baba mkubwa ambaye jina lake liko kwenye hati alifariki zamani. Sheria ya Urithi inasema mali ya marehemu haiguswi na yeyote mpaka mahakama imteue msimamizi. Anayeiuza kabla ya hapo anatenda kosa la jinai ambalo adhabu yake yaweza kufika mwaka mmoja gerezani. Kwa hiyo familia inaanza kwa chifu, ipate barua inayowataja warithi wote. Na hapo, kwenye orodha ya chifu, ndipo vita huanza. Mke wa pili yumo? Mtoto aliyezaliwa Kampala? Dada zao walioolewa Alego na Gem, ambao zamani hawakuulizwa kitu, Katiba ya 2010 imewapa sauti sawa na kaka zao, nao wanajua. Ombi likifika mahakamani linachapishwa kwenye gazeti rasmi la Serikali, siku 30 zinatolewa kwa mwenye pingamizi, na miezi sita lazima ipite kabla mgawo haujathibitishwa. Hiyo ni iwapo hakuna anayepinga. Akitokea mpwa mmoja wa kuweka zuio kwenye daftari la ardhi, miezi inageuka miaka, na kila mwaka wakili anakula. Ikifika siku ya kuuza kweli, mnunuzi anadaiwa ushuru wa stempu wa asilimia 4 kwa kuwa ni mjini, na muuzaji kodi ya faida ya mali, iliyokuwa asilimia 5 iliporudishwa mwaka 2015 na ni 15 tangu Januari 2023.

Ndiyo maana kwenye kuta za Kenya nzima, na viunga vya Kisumu havikosi, unakuta maandishi ya rangi ya mafuta, herufi zimeteremka kama machozi: PLOTI HII HAIUZWI. Mgeni hudhani mwenyewe amekataa kuuza. Mara nyingi ni ndugu mmoja anayewatahadharisha wanunuzi dhidi ya ndugu mwingine.

Tena kuna makaburi. Mjaluo huzikwa bomani, na mji ulipoyafikia maboma hayo ulikuta wenyeji wamelala humo. Kenya nzima ilifundishwa uzito wa jambo hili na kesi ya wakili Silvano Melea Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake Wambui alitaka amzike karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ulisema nyumba ya jijini ni pa kulala tu, kwao ni Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari miezi mitano, mpaka Mahakama ya Rufaa ilipoupa ukoo haki na maziko yakafanyika Mei 1987. Mwanaanthropolojia wa Marekani Parker Shipton, katika kitabu chake Mortgaging the Ancestors cha mwaka 2009, ameeleza kwa kirefu yanayotokea pale benki inapokabidhiwa hati ya shamba la Wajaluo kama rehani: karatasi inachukulika, lakini nani atalinunua shamba lenye kaburi la mzee katikati, majirani wote wakiwa wanawe?

Watu wa mipango miji huyaita haya yote vikwazo vya soko. Mimi nayaona kama ukuta. Tazama yaliyowapata waliokuwa kwenye ardhi ambayo mwenyewe ni mmoja na anajulikana. Bandari ya Kisumu ilipofufuliwa, vibanda vya samaki vya Lwang'ni, ambako nusu ya wageni wa mji huu walikula ngege wao wa kwanza, vilibomolewa mwaka 2019, kwa kuwa ufuo ule ni wa Shirika la Reli. Februari 2021, usiku, wakati wa kafyu ya korona, matingatinga yaliingia kijiji cha Wanubi huko Kibos, wazao wa askari wa King's African Rifles waliokaa pale tangu enzi za ukoloni. Maelfu walilala nje. Obunga haikuguswa namna hiyo. Kuinunua kungehitaji kukaa na warithi mia kadhaa waliogombana.

Ukuta huo lakini una nyufa. Mwaka 2020 ziwa lilifura, likaingia Dunga na sehemu za Nyalenda, na mwenye pesa akazidi kutazama juu: Riat, Kanyakwar, Mamboleo. Barabara ya mchepuo kutoka Nyamasaria kupitia Kondele hadi Kisian imemfungulia njia. Uwanja wa Mamboleo ulipokea sherehe za Madaraka mwaka 2021, na Mei 2022 mkutano wa Africities ukaleta wageni kutoka bara zima. Obunga iko katikati ya vitu hivyo vyote, na dalali analijua hilo. Anachonunua sasa ni ugomvi wenyewe: anampata mrithi mwenye mwana wa kulipiwa karo au mgonjwa wa kulipiwa hospitali, anaandikiana naye kwa bei ya chini kwa sababu karatasi si safi, kisha anakaa kungoja. Yeye ana wakili na ana muda. Shela, kisiwani Lamu, nyumba za mawe za familia zilihamia kwa Wazungu kwa mtindo unaofanana, fungu baada ya fungu, hadi watoto wa mji wakawa watunzaji wa nyumba za babu zao. Tofauti ni kwamba Shela kilichopendwa kilikuwa nyumba. Obunga nyumba ni ya kubomolewa, kinachotakiwa ni udongo ulio chini yake, zijengwe gorofa za chumba kimoja chenye choo ndani.

Na mpangaji? Katika hesabu hii yote ya warithi, madada na makaburi, hajatajwa, ingawa ndiye anayejaza mtaa. Hana cha kuuza. Miradi ya kuboresha mitaa, mkubwa wake ukiwa KISIP ulioanza mwaka 2011 kwa fedha za Benki ya Dunia, Uswidi na Ufaransa, imeleta kwenye mitaa ya namna hii nchini barabara, mifereji na mulika mwizi. Ni mambo mema. Anayepinga taa na ajaribu kutembea Segasega, ndani ya Obunga, usiku bila hiyo. Lakini barabara ikipita mbele ya ploti kodi hupanda, na sheria inayomlinda mpangaji wa nyumba ya kuishi, ile Sura 296 inayozuia kufukuzwa na kupandishiwa kodi ovyo, inamhesabu yule tu ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kiliwekwa zamani, kilipokuwa kodi ya watu wenye uwezo. Leo chumba cha udongo kimo ndani yake. Chumba cha matofali kilichojengwa mahali pake, chenye maji na stima, kimo nje, na anayekihamia anahamia pia nje ya sheria.