Habari za Fidia ya Mfanyakazi Aliyeumia Kazini, Tangu Siku za Reli

Wazee wetu na ndugu wanachama, mtu akifungua vitabu vya hesabu vya chama kama hiki chetu ataona safu mbili zisizokosekana mwaka hata mwaka: michango ya mazishi na michango ya wagonjwa. Katika hao wagonjwa wamo wengi ambao hawakulazwa na homa, bali waliangukiwa na mbao, au walikatwa na mashine, au walianguka kutoka juu ya nyumba waliyokuwa wakiijenga. Tuliwachangia kwa moyo safi, na jamaa zao walitushukuru. Lakini yafaa tujue ya kuwa mara nyingi tumelipa kwa mifuko yetu deni ambalo sheria imekwisha kumtwika mtu mwingine, naye ni mwajiri. Sheria hiyo ilipatikana polepole sana, na mpaka leo wako wengi wasioifikia. Habari zake ndizo hizi.

Asili yake si hapa kwetu. Huko Uingereza zamani mtumishi aliyeumia alikuwa na haki ndogo mno. Mwaka 1837 palihukumiwa kesi iliyokuja kutajwa sana, ya kijana mmoja aitwaye Priestley, mtumishi wa muuza nyama aitwaye Fowler. Kijana alitumwa kusafiri na gari lililopakiwa kupita kiasi, likavunjika njiani, naye akavunjika paja. Wazee wa baraza waliosikiliza kesi mara ya kwanza walimpa haki. Walakini mahakimu wakuu waliitangua hukumu hiyo. Hakimu wao, Lord Abinger, alitoa sababu ya ajabu: kwamba bwana akilipa katika jambo hili, basi kesho atadaiwa hata na mtumishi aliyelazwa katika kitanda chenye unyevu kwa uzembe wa kijakazi. Kwa maneno mengine, mtu akikubali kazi amekubali na hatari zake, na akiumizwa na kosa la mwenziwe kazini asimtazame bwana wake. Kanuni hii iliwafunga wafanyakazi wa Kiingereza kwa zaidi ya miaka mia, mpaka ilipofutwa na Bunge lao mwaka 1948.

Wajerumani walitangulia kulitengeneza jambo hili. Mwaka 1884, katika siku za Bismarck, waliweka bima ya ajali iliyolipiwa na waajiri wenyewe. Waingereza walifuata mwaka 1897, kwa shauri lililotiliwa nguvu na Joseph Chamberlain, wakapitisha Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi. Jambo jipya katika sheria hiyo lilikuwa hili: mfanyakazi hakutakiwa tena kuthibitisha kwamba bwana wake amekosa. Ilitosha kuonyesha kwamba aliumia kwa ajali iliyotokana na kazi, akiwa kazini. Aliyelemaa alilipwa nusu ya mshahara wake wa juma, isizidi pauni moja, na aliyekufa, jamaa waliomtegemea walipewa kiasi cha mshahara wa miaka mitatu. Haikuwa ya kazi zote hapo kwanza. Ilikuwa ya reli, machimbo, viwanda na kazi nyingine za hatari.

Hapa ndipo palipo jambo ambalo wanachama wengi hawajapata kulisikia. Sheria ile ilitiwa sahihi na Malkia tarehe 6 Agosti 1897, lakini ilianza kutumika Julai ya mwaka uliofuata. Nayo nchi yetu iliwekewa siku maalum ya kupokea sheria za Uingereza, kwamba zitumike huku kama zilivyokuwa zikitumika huko siku ile. Siku yenyewe ilikuwa 12 Agosti 1897, na Sheria yetu ya Mahakama ya mwaka 1967 yaitaja tarehe hiyo hiyo. Basi hesabuni wenyewe. Dawa ilikuwa imekwisha kupikwa siku sita mbele, lakini ilikuwa haijapakuliwa. Kanuni ya Lord Abinger ilivuka bahari, fidia haikuvuka. Wanasheria wanaweza kubishana kama sheria ile ingehesabiwa kuwa yafaa nchi hii hata kama ingekuwa imekwisha kuanza. Mimi si mwanasheria, nasema tu jinsi tarehe zilivyo.

Na wakati huo huo ndipo kazi kubwa kupita zote ilipokuwa ikiendelea hapa. Reli ilianza kutandazwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani, mahali paitwapo Kisumu leo, mwezi wa Desemba 1901. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Twazijua hesabu hizo kwa sababu walikuja kwa mkataba, na katika mkataba jina la mtu huandikwa. Waafrika waliofanya kazi pamoja nao hawakuandikwa hivyo. Mfano mmoja watosha. Simba wa Tsavo walipokula watu mwaka 1898, msimamizi wa daraja, Patterson, aliandika baadaye kwamba Wahindi 28 waliliwa, na Waafrika wengi zaidi ambao hesabu yao haikuwekwa na serikali. Simba hakubagua, lakini daftari lilibagua. Mtu asiyekuwa katika daftari, mjane wake ataanzia wapi kudai?

Jambo hilo lilionekana tena, na kwa ubaya zaidi, katika vita vya 1914 hadi 1918. Wapagazi wa Kariakoo walichukuliwa kwa maelfu mengi, na hata kwa hesabu rasmi waliokufa upande wa Waingereza katika vita vya Afrika ya Mashariki ni zaidi ya 40,000, wengi wao kwa maradhi na chakula kibaya. Vita vilipokwisha, mishahara ya wengi wa marehemu haikulipwa, kwani jina lililoandikwa jeshini halikuwa lile linalojulikana nyumbani, au kijiji hakikuandikwa, au aliyeandika hakuijua lugha. Wazee wenye umri mkubwa walipata kusikia kwa baba zao habari za ndugu aliyekwenda na asirudi, wala shilingi yake isirudi. Sanamu ya mpagazi imesimama Nairobi katika Barabara ya Kenyatta pamoja na wenziwe askari. Ni kazi nzuri ya shaba, wala haina jina la mpagazi hata mmoja.

Wala mtu asiseme kwamba serikali ya wakati ule haikuweza kuandika majina ya watu. Tangu miaka ya 1919 na 1920 kila mwanamume wa Kiafrika alivikwa kipande shingoni, ndani yake mna jina, alama za vidole, mwajiri na mshahara. Kiliandikwa vizuri sana. Kazi yake ilikuwa kumtafuta mtu aliyetoroka kazini, kwani kutoroka kulikuwa kosa la jinai chini ya sheria za mabwana na watumishi, na mtu aliweza kufungwa kwa ajili yake. Kalamu ilikuwapo na wino ulikuwapo.

Mageuzi yalikuja baada ya ghasia za wafanyakazi katika makoloni, hasa visiwa vya Karibi katika miaka ya 1930, na baada ya migomo ya Mombasa ya mwaka 1939 na mwaka 1947. Serikali ya London iliona kwamba mfanyakazi asiye na kinga yoyote ni hatari kwa utawala wenyewe. Hata ilipofika mwaka 1949, sheria ya fidia kwa wafanyakazi ilikuwa imekwisha kuanza Kenya, nayo ikafuatwa na sheria ya viwanda ya mwaka 1950 iliyoagiza mashine zizungushiwe kinga. Sheria ile ya fidia, baada ya Uhuru, ilijulikana kwa jina la Sura ya 236, ikatumika karibu miaka sitini. Msingi wake ulikuwa ule ule wa 1897: ajali iliyotokana na kazi, mtu akiwa kazini. Aliyeumia aliweza pia kwenda mahakamani kudai kwa uzembe wa mwajiri, na watu wengi walifuata njia hiyo, wengine wakapata zaidi, wengine wakamalizwa na gharama.

Mwaka 2007 Bunge lilipitisha Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ikaanza kutumika mwezi wa Juni 2008. Hii ndiyo inayotumika sasa. Ilimtaka kila mwajiri awe na bima, na ikafunga njia ya mahakamani: dai la ajali ya kazini lipelekwe kwanza kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Chama cha Wanasheria hakikuridhika, kikaishtaki serikali. Mahakama Kuu mwaka 2009 ilizitangua sehemu kadhaa za sheria. Mahakama ya Rufani mwaka 2017 ikazirudisha zilizo nyingi. Na Mahakama ya Juu, Desemba 2019, ikakubaliana na Mahakama ya Rufani. Katika miaka hiyo kumi watu wengi walikuwa njia panda, wasijue mlango wa kubisha. Kwa maoni yangu mlango wa Mkurugenzi ni bora kwa mtu asiye na fedha za wakili, ila una masharti ya siku, na siku hizo ndizo zinazowaangusha watu wetu.

Basi tuyatazame masharti hayo kwa makini. Mfanyakazi akiumia, yeye au mtu kwa niaba yake lazima ampe mwajiri habari. Sheria yakubali habari ya mdomo, lakini ya maandishi haikanushiki. Mwajiri naye apaswa kumwarifu Mkurugenzi katika siku saba tangu kupata habari. Na kama mtu amekufa, habari ipelekwe katika saa 24. Iko fomu yake, iitwayo DOSH 1, ambayo sehemu yake hujazwa na mwajiri na sehemu hujazwa na daktari. Dai lenyewe sharti litolewe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali, au tangu siku ya kufa. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuupinga. Mambo haya yote ni rahisi kwa mtu mzima aliyekaa kitako, lakini si rahisi kwa mtu aliyelazwa hospitali na mkono umefungwa. Ndiyo sababu sheria ikatumia maneno "kwa niaba yake", na chama chaweza kuwa mtu huyo.

Malipo yenyewe hufuata kilema. Mtu aliyeshindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa kwa vipindi, isizidi miezi 12, ila siku chache chini ya tatu hazihesabiwi. Aliyepata kilema cha daima hupimwa kwa sehemu ya mia. Aliyepoteza mikono yote miwili, au macho yote, ni mia kwa mia, na mia kwa mia ni mshahara wa miezi 96, pamoja na mipaka iliyowekwa ya juu na ya chini. Kwa mfano tu, mtu wa mshahara wa shilingi 15,000 kwa mwezi, daktari akimpima kuwa na kilema cha 10 kwa mia, hesabu yake ni shilingi 144,000. Linganisheni na kile tupatacho tukichanga shilingi mia mia siku ya Jumapili.

Yako maneno matatu ambayo wanachama huambiwa na wasimamizi, nao wakanyamaza. La kwanza, "ulikosa mwenyewe". Kosa la uzembe wa kawaida haliondoi haki. Linaloiondoa ni kosa la makusudi, na hata hilo haliiondoi ikiwa mtu amelemaa vibaya au amekufa. La pili, "hukutumwa kufanya vile". Kama kazi ilikuwa kwa faida ya mwajiri, kuvunja agizo lake hakutoshi kukunyima. La tatu, "ajali ilitokea barabarani". Ikiwa gari liliwekwa na mwajiri kuwachukua wafanyakazi kwenda kazini na kurudi, safari hiyo yahesabiwa kazi. Aliye katika shida ya kweli ni fundi wa jua kali ajifanyiaye kazi mwenyewe, kwani hana mwajiri wa kumdai; huyo michango yetu ni haki yake kabisa.

Nimekwisha kuona karatasi iliyotiwa kidole gumba na mtu aliyepoteza vidole viwili katika kiwanda kimoja. Alipewa mshahara wa mwezi mmoja na nauli ya kwenda nyumbani. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, naye hasomi Kiingereza. Alipoileta kwetu, mwaka ulikuwa umepita na siku zake kumi na tisa juu.

Kwa sababu hiyo kamati imekubali daftari jipya. Kila mwanachama ataandikwa jina lake kama lilivyo katika kitambulisho, si jina la utani wala la ubatizo pekee, mwajiri wake na mahali pa kazi, mshahara, na jamaa wanaomtegemea, wake na watoto, pamoja na kata yao huko nyumbani. Ajali itaandikwa siku inapotokea, pamoja na majina ya walioiona, na nakala ya habari iliyopelekwa kwa mwajiri itabaki kwetu. Mchango hautaanza kabla karani hajauliza kama fomu imejazwa. Wanachama walio mashambani waweza kutuma habari zao kwa wajumbe wa matawi, nao watazileta kabla ya mkutano ujao.