Kumshika na kumzoesha mjusi-kafiri

Mjusi-kafiri wa nyumbani (jina la kisayansi: Hemidactylus mabouia) ni mjusi mdogo wa familia Gekkonidae. Huonekana ukutani na darini katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, kuanzia vyumba vya kupanga vya Kariakoo hadi maghorofa ya katikati ya jiji. Usiku huwinda mbu, nondo na mende wadogo karibu na taa. Jike hutaga mayai mawili yenye ganda gumu katika nyufa au nyuma ya makabati, na watoto hujitegemea tangu wanapoanguliwa.

== Imani na hatari ==
Mjusi-kafiri hana sumu. Hata hivyo wengi huogopwa na kuuawa kwa fagio au ndara. Katika mapokeo ya Kiislamu husimuliwa kwamba mjusi huyu aliupuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahimu, na jina "kafiri" huhusishwa na masimulizi hayo. Hatari ya kweli ni bakteria wa Salmonella, ambao reptilia wengi huwabeba. Kwa hiyo anayemshika mjusi anawe mikono kwa sabuni, na watoto wadogo wasimamiwe.

== Kumshika ==
Mjusi mchanga huumia kwa urahisi kwa sababu ngozi yake ni laini na mwili wake ni mdogo. Asikamatwe kutoka juu, maana ndivyo anavyokamatwa na paka na ndege. Asishikwe mkia: akiogopa huukata mwenyewe, na mkia unaoota tena huwa na gegedu badala ya mifupa. Asibanduliwe ukutani kwa nguvu, kwa kuwa vidole vyake hunata kwa vinywele vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Njia salama ya kumtoa chumbani ni kumfunika kwa bilauri, kupitisha karatasi ngumu taratibu kati ya bilauri na ukuta, kisha kumwachia nje.

== Kumzoesha ==
Mjusi hamfuati mtu kwa mapenzi kama mbwa. Kuzoea kwake ni kujifunza kwamba mtu hamdhuru, na hilo huhitaji muda.

Njia hii hutumiwa hasa kwa mjusi-chui (Eublepharis macularius) wa Afghanistan, Pakistan na India, anayefugwa sana Ulaya na Marekani. Yeye ana kope na hana vidole vya kunata, hivyo hutulia mkononi kuliko mjusi wa ukutani. Mtoto wake huachwa kwanza siku kadhaa azoee makazi mapya. Kisha mfugaji huweka mkono wazi, bila kuusogeza, mpaka mjusi apande mwenyewe. Mara za kwanza ashikwe dakika chache tu, karibu na sakafu, na asisumbuliwe anapojichuna ngozi au akiwa ametoka kula. Akitikisa mkia polepole au akikimbia, arudishwe.

== Kufuga na uhifadhi ==
Si kila mjusi anafaa kufugwa. Lygodactylus williamsi, mjusi wa buluu wa msitu wa Kimboza mkoani Morogoro, alikamatwa kwa wingi kwa biashara ya wanyama wa kufugwa hadi akawa hatarini kutoweka kabisa. Tangu mwaka 2017 yumo katika Kiambatisho cha I cha mkataba wa CITES, kinachokataza biashara ya kimataifa ya wanyama waliokamatwa porini. Mjusi-kafiri wa nyumbani naye hahitaji tundu: akiachwa ukutani huendelea kula wadudu.