Waya wa Kioo katika Nchi ya Chai

Yakupasa kujua, msomaji, kwamba nchi ya Kericho ilipata waya kabla ya kupata mashamba makubwa ya chai. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901. Ilipita kaskazini ya Kabianga, katika Londiani na Lumbwa, kituo kiitwacho siku hizi Kipkelion, na kando yake zilisimama nguzo za simu. Amri zilitoka pwani kwenda bara na taarifa zilitoka bara kwenda pwani. Mombasa nayo ilikwisha kuunganishwa na Unguja tangu 1890 kwa waya uliolazwa baharini, na Unguja ikasemezana na London.

Katika mazungumzo hayo yote wenyeji hawakuwamo. Wanandi, ndugu wa Wakipsigis, waliukata waya mara nyingi wakafanyia mapambo. Serikali ya kikoloni iliita tendo hilo wizi, nalo likawa miongoni mwa sababu za kupeleka majeshi, hata Koitalel arap Samoei akauawa mwezi wa Oktoba 1905. Kwa maoni yangu hapakuwa na ujinga katika kukata kule. Waya usiochukua neno lako hata moja, utakufaa kwa nini kingine ila bangili?

Makampuni ya chai yalikuja katika miaka ya 1920, na shule ya Kabianga ikafunguliwa mwaka 1925. Baada ya uhuru, kituo cha Longonot kilianza kazi mwaka 1970, kikapeleka sauti mbinguni kwa setilaiti na kuzipokea. Lilikuwa jambo la fahari. Lakini intaneti ilipokuja, njia hiyo ya mbinguni ilikuwa ghali na nyembamba, na pwani ya Kenya haikuwa na mkongo wowote wa kisasa. Nchi za mashariki ya Afrika zilijadiliana miaka mingi juu ya mkongo wa pamoja, EASSy, zikabishana ni nani awe mwenye mali na mwenye amri. Kenya ilichoka kungoja. Ilishirikiana na kampuni ya Etisalat ya Falme za Kiarabu na makampuni ya simu, ikalaza mkongo wake, TEAMS, wa kilomita karibu 5,000 kutoka Fujairah. Ulifika Mombasa Juni 2009. SEACOM, mkongo wa watu binafsi, ulianza kazi mwezi uliofuata.

Lakini mkongo uliokoma Mombasa ungemfaa nini mtu wa Kericho? Hapa ndipo ilipokuwa kazi ya serikali, mradi uitwao NOFBI. Awamu ya kwanza ilichimba mitaro kando ya barabara na kuzika nyaya za kilomita karibu 4,300, na Telkom Kenya ikapewa kuzitunza. Awamu ya pili ilikusudiwa kufika makao makuu ya kaunti zote 47. Ndani ya nyaya hizo hamna shaba. Mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na mwanga hupita humo kwa mwendo wa kilomita karibu 200,000 kwa sekunde. Kutoka Fujairah hadi Mombasa ni sehemu moja tu ya arobaini ya sekunde. Hata hivyo wezi huzifukua na kuzikata wakitafuta shaba, wakaambulia kioo kisichouzika. Wanandi wa zamani angalau walipata bangili.

Mwaka huohuo wa 2009 Kabianga ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2013 ikapewa hati yake ya chuo kikuu. Vyuo vina mtandao wao, KENET, ulioanzishwa 1999, uvipatiao njia ya pamoja. Mkulima aliye ng'ambo ya ua wa chuo hutegemea mnara wa simu. Serikali iliyoingia mwaka 2022 ilitangaza kwamba zitalazwa kilomita 100,000 zaidi, lakini kwake yeye kipimo ni kile kipande cha mwisho, kutoka barabarani hadi mlangoni.

Na chai yake? Tangu 2020 mnada wa Mombasa hufanywa kwa kompyuta. Mnunuzi hutaja bei, nayo hujulikana papo hapo kwa kila aliyemo mnadani. Mkulima mdogo aliyechuma jani hilo hulipwa sehemu kila mwezi, na iliyobaki, ambayo wenyewe huiita bonasi, aghalabu huingoja mpaka mwisho wa mwaka wa hesabu.