Kaharabu na Mkono wa Fundi

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kuona tasbihi ya kaharabu mkononi mwa mzee. Isugue kwa kitambaa cha sufu, uikurubishe na makapi makavu, utaona inayavuta. Waajemi waliiona sifa hiyo, wakaiita kwa jina lenye maana ya "kinyakua makapi". Kwa jina hilo hilo Waarabu leo wanauita umeme: kahrabaa. Naye William Gilbert, tabibu wa Kiingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1600, alivipa vitu vya namna hii jina litokalo katika neno la Kiyunani la kaharabu.

Siri yake ni hii: vitu viwili vikisuguana kisha vikaachana, chaji huhama kutoka kimoja hadi kingine. Ikikosa njia hutulia. Ikipata njia huruka ghafla. Huo ndio umeme tuli. Mwaka 1746, mjini Leiden, Uholanzi, Pieter van Musschenbroek na wenzake waliukusanya katika chupa ya maji, na ukawatikisa mwili mzima. Katika miaka ya 1750 Benjamin Franklin wa Marekani akafundisha dawa yake: usishindane nao, upe njia ya kwenda ardhini.

Basi dawa hiyo ikaja kuhitajiwa tena kwa jambo dogo mno. Mwaka 1960 Mohamed Atalla, mzaliwa wa Port Said, Misri, pamoja na Dawon Kahng wa Korea, walionyesha transista ya namna mpya, yenye utando mwembamba sana usiopitisha umeme. Kwa transista za namna hiyo zimejengwa kompyuta na simu zetu. Lakini utando huo hutobolewa kwa wepesi. Mtu huanza kuhisi cheche inapofika kiasi cha volti 3,000. Vipo vipuri vinavyoharibika kwa chini ya volti 100. Fundi huua asihisi kitu.

Na lililo baya zaidi, kipuri chaweza kujeruhiwa kisife. Simu huwaka, mwenyewe hulipa na kushukuru. Baada ya miezi huzimika, wala hapana ajuaye sababu.

Kinga yake si ghali. Fundi auchomoe umeme wa ukuta kwanza. Avae mkanda wa mkononi ulioungwa na ardhi kupitia kizuizi cha ohmu milioni 1, kinachomlinda yeye mwenyewe. Asiuvae afunguapo televisheni ya kioo kikubwa cha zamani, kwani ndani yake hubaki umeme wa kuua. Saketi aishike pembeni, na aihifadhi katika mfuko wake maalumu, si nailoni ya dukani. Wala asidanganyike na unyevu wa pwani yetu: chumba chenye kiyoyozi huwa kikavu.

Ndugu zangu, chombo cha mtu ni amana. Madhara yasiyoonekana hayana shahidi ila Mola na dhamiri ya fundi. Na hapo ndipo uaminifu wake unapopimwa.