Kung'oa na Kusakinua: Maneno Mawili ya Kuondoa, Tangu Reli ya Mtwara Hadi Kompyuta

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni dogo, yaani istilahi ya kitendo cha kuiondoa katika kompyuta programu ya kukinga virusi iliyokwisha muda wake, pamoja na mabaki yake yote. Tumelichagua kwa sababu mfasiri wa mwongozo akikosea kitenzi hapa, afisa anayeusoma huko Mtwara au kwingineko atabaki na kompyuta isiyo na mlinzi huku akiamini kwamba analo. Ili jambo lenyewe lieleweke vema, hatuna budi kuanzia mbali kidogo, katika pwani ya Kusini, ambako neno kung'oa lina historia ya kufikirisha.

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu zake tatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Ikajengwa reli kutoka pwani kuelekea Nachingwea, na huko Mtwara ikaanza kujengwa bandari ya kina kirefu. Mpango ulivunjika mwaka 1951. Bandari ikafunguliwa mwaka 1954, wakati shehena iliyokusudiwa haipo tena. Reli nayo ilijikongoja hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikafungwa, na vyuma vyake vikang'olewa. Bandari haikung'olewa, hadi leo inasafirisha korosho, zao ambalo waliopanga mambo ya karanga hawakulijengea gati.

Tukiuliza, basi, ni nini hasa kilichong'olewa, jibu ni vyuma vya reli. Kung'oa ni kukiondoa kitu kilichoshika: jino, kisiki, nanga. Mti uliokatwa huacha kisiki, bali ule uliong'olewa hutoka na mizizi. Lakini kitenzi hiki hakijitoshelezi chenyewe, kwani msikilizaji hana budi kuambiwa ni kitu gani kilichong'olewa na kitu gani kilichoachwa. Asemaye kwamba mradi wa karanga uling'olewa Kusini amesema zaidi ya yaliyotendeka.

Bandari hiyo yatukumbusha vitenzi vingine viwili ambavyo wanaistilahi wa kompyuta waliviazima kwa watu wa vyombo, navyo ni kupakia na kupakua. Jahazi lililopakuliwa huwa jepesi, kwa maana shehena imeshuka. Programu inayopakuliwa kutoka katika intaneti, kinyume chake, hubaki pia kule ilikotoka, na mpakuaji hupata nakala tu. Maana imehama, na hakuna aliyedhurika kwa uhamisho huo. Si kila istilahi iliyohama imekuwa salama namna hiyo.

Kusakinisha ni kukifanya kitu kisakini, yaani kikae mahali pake. Ni neno la ukoo mmoja na maskani. Kwa kinyume chake, wengi wamefuata kauli ya kutendua, ile itupatiayo fungua kutoka funga, zibua kutoka ziba, tegua kutoka tega, wakaunda kusakinua. Katika simu nyingi huonekana pia kusanidua. Umbo la kusakinua halina kosa, ila kauli ya kutendua hubeba ahadi. Mlango uliofunguliwa haukufungwa hata kidogo, na mfereji uliozibuliwa hupitisha maji. Kwa hiyo msomaji aonapo maneno "programu imesakinuliwa" huamini kwamba kompyuta imerudi kama ilivyokuwa kabla ya programu kuwekwa. Kwa programu za kukinga virusi, mara nyingi sivyo.

Maneno virusi na kinga yalitangulia kuenea katika afya. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kampeni zilizofuata zikalifikisha neno virusi vijijini, na pamoja nalo kinga, lililomo ndani ya jina la maradhi yenyewe. Mwaka 1986 virusi vya kompyuta viitwavyo Brain vikaanza kusambaa kutoka Lahore, Pakistani, kwa njia ya diski. Nchini Tanzania uingizaji wa kompyuta ulikuwa umepigwa marufuku mwaka 1974. Masharti hayo yalipolegezwa na mashine zikaenea maofisini, wazungumzaji walikuwa tayari na maneno yote mawili. Wengine huwalaumu wasemao kirusi kwa umoja. Sisi hatuoni kosa: vi- ya mwanzo imesikika kama kiambishi cha wingi, kama vile ki- ya kitabu, iliyo sehemu ya mzizi wa Kiarabu, ilivyotuzalia vitabu.

Sasa tuitazame mashine yenyewe. Programu ya kukinga virusi haikai katika kompyuta kama programu ya kuandikia barua. Ili ikague kila faili kabla halijafunguliwa, hujipenyeza hadi kwenye kiini cha mfumo endeshi, ikaweka draiva zake, huduma zinazoanza pamoja na kompyuta, na maingizo katika rejista ya Windows. Tena huzilinda sehemu zake zisifutwe, kwa kuwa virusi vingi hujaribu kumwondoa mlinzi kwanza. Ndiyo maana kuifuta folda yake hakutoshi, na hata njia ya kawaida ya kuiondoa yaweza kuacha vipande. Vipande hivyo huichelewesha kompyuta na hugombana na programu mpya. Lililo baya zaidi ni hili: Windows huizima kinga yake yenyewe, Defender, inapoarifiwa kwamba ipo programu nyingine ya kulinda. Arifa hiyo ikibaki baada ya programu kwenda, Defender yaweza kubaki imezimwa. Ni sawa na mlinzi aliyeacha kazi lakini jina lake lingali katika daftari la zamu. Wa pili haitwi, na lango li wazi.

Kwa sababu hiyo watengenezaji, miongoni mwao McAfee, Kaspersky na ESET, hutoa chombo maalumu cha kuondolea mabaki, ambacho pengine hutakiwa kutumiwa baada ya kuianzisha kompyuta katika hali salama, pale draiva nyingi zinapokuwa bado hazijaamshwa.

Tunapendekeza, basi, kusakinua kuachiwe ile njia ya kawaida, na kung'oa kutumike kwa kazi ya pili, daima pamoja na mtendwa wake: "Sakinua programu, anzisha kompyuta upya, ng'oa mabaki yake kwa chombo cha mtengenezaji, hakikisha Defender inafanya kazi." Tumechagua mabaki. Masalia yameelemea mambo ya kale, salio ni la benki, na makombo tuyaache mezani.

Chombo chenyewe chaweza kuitwa king'oleo, kwa mfano wa kifungulio. Hapa waandishi wa mitambo wana kazi moja, nayo ni kuitunza ritifaa. Programu nyingine huichukua kuwa alama ya kunukuu na kuitenganisha na herufi, na wachapaji wenye haraka huiacha kabisa. Ngoa bila ritifaa ni wivu au tamaa.