Nasaba ya Maneno ya Kutengana

Waanglia na Wasaksoni walipohamia Uingereza, kuanzia karne ya 5, walishuka na vitenzi vyao vya kutenganisha. Kimoja kilizaa "sunder", ambacho leo kimebaki zaidi kwa washairi na wahubiri. Kingine, "sceadan", kilishuka daraja kikawa "shed": mti kupukutisha majani, nyoka kujivua gamba. Nduguye wa Kijerumani, "scheiden", hakuporomoka hivyo. Wajerumani hadi leo hupeana talaka kwa neno hilo.

Viwili vingine vilileta matata. "Cleofan" kilikuwa kupasua, "clifian" kilikuwa kushikamana. Matamshi yakasogeleana hadi vyote vikaishia "cleave". Ndiyo maana Biblia ya King James ya 1611 humwambatanisha mume na mkewe kwa neno lile lile ambalo mwuza nyama hupasulia mbavu.

Mwaka 1066 William wa Normandy alishinda Hastings, na Kifaransa kikatawala mahakama na majumba ya mabwana. "Separare" la Kilatini lilikuwa limekwisha kuchakaa vinywani mwa Wafaransa likawa "sevrer". Kwao neno hilo liliishia kwa akina mama, kumwachisha mtoto ziwa. Uingereza likawa "sever", likakata viungo, kamba na uhusiano. Karne ya 15 wasomi walirudi chimbukoni wakachota "separate" moja kwa moja kutoka Kilatini, kana kwamba "sever" halijazaliwa.

Nionavyo, waliolinda mipaka kati ya ndugu hawa ni wanasheria kuliko washairi. Tazama "several". Mitaani limekuwa "kadhaa" tu, lakini katika mikataba bado lina maana yake ya kale, kila mtu peke yake. Wadhamini wawili wakisaini mkopo kwa masharti ya "joint and several", benki inaweza kumdai mmoja wao deni lote. Anayesoma "kadhaa" hapo atajuta.

Kanisa nalo lilikuwa na lake. Kitabu cha sala cha 1549 kiliwaapisha maarusi kwamba kifo ndicho kitakachowatenganisha, na neno lilikuwa "depart". Baadaye "depart" likawa kuondoka tu, na toleo la 1662 likaweka "do part" mahali pake.

"Divorce" ndilo lililosumbua zaidi. Chimbuko lake ni "divortium", kugeukia njia tofauti, na mahakama za kanisa zililibebesha mambo mawili: kutangaza ndoa batili, na kuwatenga wanandoa kitanda na meza huku ndoa ikibaki. Kwa hiyo "talaka" maarufu ya Henry VIII na Catherine wa Aragon haikuwa talaka kwa maana ya leo; mwaka 1533 Askofu Mkuu Thomas Cranmer alitamka kwamba ndoa ile haikuwahi kuwa halali. Baadaye, aliyetaka kuvunja ndoa halali na kuoa tena mwenzake akiwa hai alihitaji Bunge litunge sheria kwa ajili yake, jambo la wenye fedha.

Sheria ya 1857 ilizipeleka kesi za kuvunja ndoa kwenye mahakama ya kiraia na kuyagawa maneno. "Divorce" likabaki kuvunja ndoa. Kutengana bila kuivunja kukaitwa "judicial separation". Aliyepewa hili la pili hakuweza kuoa wala kuolewa tena, ila mke alimiliki mali aliyoichuma tangu hukumu hiyo kama mwanamke asiye na mume.