Maafa ya Asili Chini ya Rwenzori: Historia Yake na Mafunzo Yake Darasani

Mwalimu wa Kiswahili anapofika kwenye neno "mafuriko", aghalabu huwachorea wanafunzi wake picha ya mto wa uwanda. Mvua hunyesha siku nyingi, maji hupanda polepole, mashamba hufunikwa, na watu huhamia penye mwinuko. Picha hiyo ni ya kweli kwa watu wa Rufiji na wa Tana. Lakini mtoto wa Kilembe, karibu na mji wa Kasese, akiijua hiyo peke yake, bado hajafundishwa neno linalomhusu. Mto Nyamwamba haupandi polepole. Hushuka kutoka mlimani kwa ghafla, ukiwa umebeba matope, magogo na majabali, na mtu anayengoja kuona maji yakiongezeka huenda asipate nafasi ya kukimbia.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya maafa ya asili katika nchi iliyo kati ya milima ya Rwenzori na rasi ya Mweya, magharibi mwa Uganda. Kadhalika tunakusudia kuonyesha jinsi kumbukumbu zinazopatikana siku hizi kwenye intaneti zinavyoweza kumfaa mwalimu wa jiografia na mwalimu wa Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba maneno ya maafa hayana budi kujazwa historia ya mahali wanafunzi wanapoishi. Kumbukumbu za intaneti ni msaada mkubwa katika kazi hiyo, lakini zina mapengo, na mapengo hayo hayawezi kuzibwa ila na wenyeji wenyewe.

Nchi yenyewe

Mweya ni rasi ndogo iliyo mahali ambapo mkondo wa Kazinga, utokao Ziwa George, unaingia katika Ziwa Edward. Jirani yake ni Katwe, penye ziwa la chumvi lililo ndani ya kreta, na kreta nyingine nyingi zimetapakaa katika eneo hilo, zikiwa ni alama za milipuko ya volkano ya zama za kale. Kaskazini ni mji wa Kasese na bonde la Kilembe. Upande wa magharibi ni Bwera na mpaka wa Mpondwe, ambapo mto Lhubiriha unatenganisha Uganda na Kongo.

Juu ya nchi yote hiyo imesimama Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina kimo cha mita 5,109. Wanafunzi wengi hudhani kuwa kila mlima mrefu wa Afrika Mashariki ni wa volkano kama Kilimanjaro. Sivyo. Rwenzori ni pande kubwa la miamba ya kale lililoinuliwa na nguvu zile zile zilizopasua Bonde la Ufa. Nguvu hizo hazijakoma, na ndiyo sababu ardhi ya huko hutetemeka mara kwa mara. Aidha, kwa kuwa miteremko ni mikali na mvua ni nyingi, udongo huporomoka na mito hufurika kwa ghafla. Kwa hiyo tetemeko, maporomoko na mafuriko ni mambo yenye asili moja katika mlima huu, wala haifai kuyafundisha kana kwamba kila moja limetoka kwake.

Matetemeko mawili

Alfajiri ya Jumapili tarehe 20 Machi 1966, saa kumi na dakika 42, tetemeko kubwa liliipiga nchi ya Toro. Kitovu chake kilikuwa upande wa Bwamba, karibu na mpaka wa Kongo. Watu zaidi ya 100 walikufa na maelfu ya nyumba zikaharibika. Miaka 28 baadaye, usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 6 Februari 1994, tetemeko la ukubwa wa 6.2 lilitokea katika eneo la Fort Portal na kuleta hasara tena. Katika matetemeko yote mawili, udongo wa miteremko uliporomoka.

Mwalimu akitaka kuwaonyesha wanafunzi matukio haya, anaweza kuyapata katika orodha ya matetemeko ya Idara ya Jiolojia ya Marekani, ambayo iko wazi bila malipo kwenye intaneti. Huchagua eneo kwenye ramani, akataja miaka, na orodha ikatokea. Lakini hapo atakutana na jambo la kushangaza kidogo. Tetemeko la mwaka 1994 limeandikwa tarehe 5 Februari, saa 23:34. Je, orodha imekosea, au wazee wa Fort Portal wamesahau? Hakuna aliyekosea. Orodha hutumia saa ya kimataifa, na Uganda iko mbele ya saa hiyo kwa saa tatu. Basi 23:34 ya huko ni saa nane na dakika 34 za usiku kwa hesabu ya Kiswahili, na tarehe imekwisha kugeuka. Hapa somo la saa za Kiswahili, somo la longitudo na somo la historia huwa somo moja.

Jambo la pili ni majina. Mwanafunzi akitafuta habari za tetemeko la mwaka 1966 kwa jina la Kasese, huenda asipate kitu cha maana, kwa kuwa wakati ule Kasese ilikuwa sehemu ya Toro. Mwaka 1974 Toro iligawanywa, na sehemu ya kusini ikaitwa wilaya ya Rwenzori kabla ya kupewa jina la Kasese. Ziwa Edward nalo liliitwa kwa jina la Idi Amin katika miaka ya 1970, na Rwenzori yenyewe iliandikwa "Ruwenzori" katika vitabu vingi vya zamani. Intaneti hujibu kile inachoulizwa tu, na asiyejua historia ya majina hawezi kuiuliza vizuri.

Jambo la tatu ni la lugha. Katika mazungumzo tunasema "tetemeko kubwa" na "tetemeko kali" kwa maana moja. Darasani inafaa tutofautishe. Ukubwa ni kipimo cha nguvu iliyotoka ardhini, nao ni mmoja kwa kila tetemeko. Ukali ni jinsi tetemeko lilivyohisiwa mahali fulani, nao hutofautiana baina ya kijiji na kijiji, kutegemea umbali, aina ya udongo na ujenzi wa nyumba. Tetemeko la mwaka 1966 lilikuwa na ukubwa mmoja, lakini ukali wake haukuwa sawa katika Bwamba, Fort Portal na Bwera.

Mito na miteremko

Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ilifurika, ikabomoa nyumba na madaraja, na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Wataalamu waliochunguza tukio hilo walieleza kuwa halikutokana na mvua peke yake. Mwaka uliotangulia moto ulikuwa umeteketeza mimea ya sehemu za juu za bonde, na miteremko iliyoachwa wazi ikaporomoka na kuulisha mto matope na mawe. Mto ulifurika tena Mei 2014. Mei 2020 Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha zilifurika pamoja, na hospitali ya Kilembe ikaangamizwa kiasi cha kutoweza kutumika. Septemba 2022 maporomoko ya udongo katika kata ya Rukoki yaliua watu zaidi ya 10.

Kuna habari nyingine ambayo mwanafunzi wa Kilembe hana budi kuijua. Mgodi wa shaba ulioanza kutoa mali katika miaka ya 1950, na ambao reli ililetwa hadi Kasese mwaka 1956 kwa ajili yake, uliacha marundo ya kifusi kando ya mto. Mto unapofurika hula marundo hayo na kuyapeleka chini. Hivyo maafa tunayoyaita ya asili yana mkono wa binadamu ndani yake. Tungependekeza walimu watofautishe "hatari" na "maafa". Mvua kubwa katika bonde lisilokaliwa na mtu ni hatari iliyopita bila madhara. Mvua ile ile ikikuta mlima ulioungua, kifusi kando ya mto, na nyumba na hospitali ukingoni, huwa maafa.

Je, kumbukumbu za intaneti zinasemaje juu ya mito na miteremko? Hapa ndipo pengo lilipo. Tetemeko hujiandika lenyewe, kwa sababu mitambo iliyo mbali maelfu ya kilomita hulipokea. Poromoko la udongo juu ya Bwera halijiandiki. Huingia katika kumbukumbu pale tu mtu anapoliandika. Watafiti waliokusanya habari za maporomoko na mafuriko ya ghafla ya Rwenzori, na kutoa matokeo yao mwaka 2016, walilazimika kupekua magazeti na ripoti za zamani, wakapata matukio 48 yaliyoua watu 55. Ni dhahiri kuwa mambo ambayo hayakumfikia mwandishi yeyote hayamo katika hesabu hiyo. Pale Mweya kulikuwa na kituo cha utafiti wa wanyama tangu miaka ya 1960, na hesabu za viboko za miaka hiyo zimehifadhiwa. Vijiji vya mlimani havikuwa na mwandishi wa namna hiyo.

Picha kutoka juu na kumbukumbu za chini

Pengo hilo linaweza kupunguzwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni picha. Mwaka 1906 msafara wa Mwitalia, Mtawala wa Abruzzi, ulipanda vilele vya Rwenzori, na Vittorio Sella akapiga picha za barafu yake. Tangu mwaka 1972 setilaiti za Landsat zimekuwa zikipiga picha za dunia, na tangu mwaka 2008 picha hizo hutolewa bure. Kwa kulinganisha kumbukumbu za namna hiyo, wataalamu walikadiria kuwa barafu ya Rwenzori ilipungua kutoka kilomita za mraba kama 6 na nusu mwaka 1906 hadi karibu kilomita 1 mwaka 2003. Mwalimu mwenye simu moja tu anaweza kuwaonyesha wanafunzi bonde la Nyamwamba kabla ya Mei 2013 na baada yake, nao wakaona wenyewe jinsi mto ulivyopanua njia yake.

Njia ya pili ni wazee. Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Wakonzo wamekaa katika miteremko hii kwa vizazi vingi, na mila yao huiheshimu theluji ya vilele kuwa makao ya Kitasamba. Mzee anayekumbuka mwaka ambao mto ulihama, au ukingo ambao watu wa kale hawakujenga, ana elimu isiyopatikana katika tovuti yoyote. Elimu hiyo ikiandikwa kwa Kiswahili, itasomeka pande zote mbili za Lhubiriha, kwa kuwa lugha hii husemwa na watu wa Uganda na wa Kongo wanaokutana katika soko la Mpondwe. Mto huo ukifurika hauchagui mpaka.

Kazi iliyo mbele yetu

Kiswahili kiliingizwa katika Katiba ya Uganda kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliafiki kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Walimu wengi wa Kasese na Bwera, basi, wanatafuta matini za kufundishia. Wasiende mbali. Wawaagize wanafunzi wamwulize mzee mmoja kila mmoja: lilitokea nini, mwaka gani, saa ngapi, maji yalifika wapi, dalili gani zilitangulia? Majibu yaandikwe kwa Kiswahili sanifu, yalinganishwe na orodha za matetemeko na picha za setilaiti, kisha yawekwe kwenye ramani ya kijiji na kuhifadhiwa shuleni. Nakala moja ipelekwe kwa viongozi wa kata, ili anayetaka kujenga darasa au zahanati ajue mto uliwahi kufika wapi.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Daftari, kalamu na simu moja yatosha kuianza. Mwanafunzi aliyeifanya atakuwa amejifunza kuhoji, kupanga habari na kuandika insha. Zaidi ya hayo, atakuwa amejua kwamba maji ya Nyamwamba yakigeuka ghafla kuwa mazito ya matope, au mngurumo wa mawe ukisikika kutoka juu ya bonde, haifai kusimama kutazama, bali ni kukimbilia mwinuko ulio mbali na mto. Tahadhari kabla ya hatari. Tunawaomba walimu wenzetu wa Mweya, Katwe, Kasese na Bwera, na wale wa ng'ambo ya mpaka, watuletee matini watakazozikusanya, ili walimu wa sehemu nyingine wafaidike nazo.